Kobe Alivyomleta Mama Mkwe kutoka Kyuso

Tangu Jumapili ile, kila anayeingia dukani kwangu kununua misumari ananiuliza kama ni kweli nilimwacha mama mkwe barabarani. Nikianza kueleza, mteja mwingine anaingia akitaka rangi, na yule wa kwanza anaondoka na nusu ya habari, ambayo kwa kawaida huwa ni ile nusu mbaya. Kwa hiyo nimeiandika yote. Anayeuliza nitampa asome, mimi niendelee kupima misumari.

Gari lenyewe wengi wenu mnalijua. Ni lile la kijani, la mabati na turubai, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililokaa miaka minne juu ya matofali nyuma ya nyumba yangu hapa Salama. Nililinunua likiwa na kuku ndani. Umakanika sikusomea. Nilijifunza kwa kitabu kilichokosa sura ya breki, na kwa kufungua kitu kimoja, kukisafisha na kukirudisha kabla sijagusa kingine. Majirani waliliita Kobe, kwa sababu lilikuwa na gamba na halikuwa likienda popote.

Mke wangu, Mama Mueni, alikuwa na mipango yake na mahali hapo hapo. Alishanunua tangi la maji, nalo lilikuwa limelala ubavu kando ya jikoni, paka amezalia ndani mara mbili. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa letu yalipita mbele ya Kobe yakaenda kwa jirani, na Mama Mueni alisimama mlangoni akiyasindikiza kwa macho. Siku Kobe alipowaka na kuzunguka nyumba bila kuzima, nilidhani atafurahi. Alinikalisha chini.

"Baba Mueni, Jumapili mtoto wa Mueni anawekwa wakfu kanisani. Mwaitu lazima amshike."

Mwaitu ndivyo anavyomwita mama yake, anayeishi ng'ambo ya Kyuso.

"Sasa umlete na hiyo gari yako," akaendelea. "Akitoka kwake na ashuke hapa bila kupanda gari ingine, hiyo yako ina kazi, ikae. Akipanda ingine, Jumatatu naita watu wa vyuma kuukuu, na tanki isimame hapo."

"Na ikivutwa?"

"Ikivutwa imekufa. Nitakuwa ndani, nitaona."

Nilikubali, kwa sababu injini niliijua. Kilichonisumbua ni nthoni, yaani ile haya ya heshima ambayo sisi Wakamba tunaiweka kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Simtazami usoni, simpi mkono, sikai naye kiti kimoja, na jina lake silitaji hata hapa. Vijana wengi wameiacha, na mchungaji wetu haoni maana yake, lakini mama mkwe wangu ni mtu wa zamani na mimi ni mtu wa utaratibu. Miaka yote ya ndoa tulikuwa tukizungumza kupitia mtu wa tatu, hata tukiwa ua mmoja. Sasa nilitakiwa kumsafirisha mchana kutwa ndani ya gari ambalo upana wake ni wa kabati la nguo, na kiti cha nyuma halina.

Salama hadi Ikutha

Kiti cha nyuma cha gari la aina ile nilisikia kiko Ikutha. Ndiyo sababu tulizunguka kwa njia ya kusini, na si kwa sababu nilipotea, kama inavyosemwa na watu fulani katika kwaya.

Kwenye barabara kuu ya Mombasa, Kobe alikuwa na mwendo wake na malori yalikuwa na yao. Yalitupita moja baada ya jingine, na kila dereva aliteremsha kioo kutazama. Mmoja alipunguza mwendo akaenda sambamba nasi kwa muda mrefu.

"Mzee, hiyo ni ya shoo ama inaenda mahali?"

"Inaenda Kyuso," nikamjibu.

Alicheka mpaka lori likayumba. Mama Mueni aliendelea kumenya mbaazi kwenye mapaja yake bila kuinua kichwa. Kufika Kibwezi bakuli lilikuwa limejaa.

Ikutha tuliingia wakati wa chakula cha mchana. Kiti kilikuwa kwenye hoteli ya mama mmoja, kimeegemezwa ukutani kama benchi la wateja, na mzee mnene alikuwa amekikalia akila muthokoi. Nilimweleza mwenye hoteli kwamba mimi ndiye niliyepiga simu kuhusu kiti.

"Ni hicho," akasema. "Lakini huyo hainuki."

"Hainuki kwa nini?"

"Hajamaliza."

Basi tukaagiza muthokoi na sisi, tukangoja. Mahindi yalikuwa yamekobolewa vizuri na kupikwa na kunde mpaka yakalainika, na kwa kuwa hakuna mtu anayekula muthokoi kwa haraka, yule mzee akaomba aongezewe. Alinitazama muda wote. Mwishowe akauliza, "Nasikia unataka kubeba kiti changu."

"Kiti cha hoteli, mzee."

"Hapa ndipo nakaa tangu hoteli ifunguliwe. Unaenda kukikalisha nani?"

"Mama mkwe wangu."

Uso wake ulibadilika. Aliweka kijiko chini, akainuka, akapangusa kiti kwa kofia yake. "Ungesema mapema," akasema. Yeye mwenyewe alishika upande mmoja mpaka kwenye gari, na nilipomaliza kufunga bolti alikikalia tena kidogo, kuona kama kimefungwa sawasawa.

Ikutha hadi Kitui, kwa njia ya ng'ombe

Lami ilikuwapo. Lakini gari lile nilikuwa nimelijengea springi za njia mbaya, na nilitaka kulipima kabla ya kubeba mtu ninayemheshimu. Baada ya Ikutha tuliiacha barabara tukashika njia ya ng'ombe inayokwenda nayo sambamba, penye mawe, makorongo na miiba. Kobe alipanda na kushuka vizuri. Mbaazi hazikupanda na kushuka vizuri. Nyingine bado nazipata chini ya kiti.

Mbele kidogo njia ilizibwa na mbuzi. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati, ameinua mkono kama askari wa barabarani, na nyuma yake palikuwa na boma la miiba lililojaa mbuzi wengine.

"Tumewangoja tangu Jumanne," akasema.

"Mmetungoja sisi?"

"Si nyinyi ni wa chanjo? Gari ya kijani."

Nilimwambia mimi si daktari wa mifugo. Alinitazama kwa subira.

"Hata yule wa mwaka jana alisema si daktari. Alisema ni msaidizi. Lakini alichanja."

"Mimi nina duka la misumari."

"Sawa. Anza na hawa wa jirani, wao wanatoka mbali."

Nilifungua sanduku la vifaa ili aone mwenyewe kwamba ndani mna spana na si sindano. Lilikuwa kosa, kwa sababu aliona koleo, akaenda akaniletea beberu aliyekuwa akichechemea. Kipande cha waya kilikuwa kimeingia kati ya kwato zake. Waya ni kitu ninachokijua; niliushika kwa koleo nikautoa, na beberu akaondoka akitembea kwa miguu minne.

"Na ulisema wewe si daktari," akasema yule bwana, si kwa furaha bali kwa lawama.

Ilibidi Mama Mueni ashuke amwambie kwa Kikamba kwamba tunakwenda kumchukua mama yake. Hapo mbuzi waliondolewa njiani mara moja, tukapewa na chupa ya asali tumpelekee. Nilianza kuona kwamba katika safari ile mama mkwe ana nguvu kuliko injini, na alikuwa bado hajapanda.

Kitui hadi ng'ambo ya Kyuso

Tulilala Kitui mjini kwa ndugu, asubuhi tukashika njia ya Mwingi na Kyuso. Ilikuwa siku ya soko pale Kyuso, magunia ya ndengu yamepangwa mpaka barabarani, na hakuna aliyeshangazwa na gari letu. Niliwapenda watu wa Kyuso kwa hilo.

Kutoka sokoni mpaka kwa mama mkwe kuna mto wa mchanga. Juu ni mkavu, maji yako chini, na akina mama huchimba vishimo kuyateka. Magari hayavuki. Anayejaribu huzama mpaka tumbo, na kwa sababu hiyo kuna bwana mmoja ambaye kazi yake ni kukaa ukingoni juu ya trekta, mnyororo uko tayari. Alipotuona aliwasha.

"Mzee, nikungoje pale katikati ama nikufuate nyuma?"

"Asante, tutavuka wenyewe."

"Sawa," akasema. "Nikufuate."

Mama Mueni alijiweka sawa kwenye kiti chake ili aone vizuri. Nilishuka, nikatembea mpaka ng'ambo nikichoma mchanga kwa fimbo, nikarudi, nikapunguza upepo kwenye magurudumu mpaka yakaonekana kama yamepata pancha, nikatia gia ile ndogo kabisa. Kisha tukavuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani na viatu vipya. Sikubadilisha gia, sikukanyaga breki. Trekta lilitufuata nyuma njia nzima, karibu sana, kama fisi. Tulipopanda ukingo wa pili bwana yule alizima, akaniinulia kofia, akaanza kugeuza. Trekta likakwama. Sisemi zaidi juu ya hilo.

Kabla ya kuingia uani nilifanya jambo ambalo wakati ule nilijivunia sana. Niliona kwamba kile kioo cha ndani, cha kutazama nyuma, kingenionyesha uso wa mama mkwe njia nzima. Nilikifungua nikakitia kwenye sanduku la spana. Kisha nikatundika leso kati ya viti vya mbele na cha nyuma. Nikamwambia Mama Mueni amwambie mama yake kwamba kila tukisimama, akisharudi kitini agonge bati mara mbili, ndipo niondoke. Hivyo nisingehitaji kugeuka wala kuita.

Mama mkwe alitoka amejitanda kitambaa, akasimama upande mmoja wa Kobe, mimi nikiwa upande mwingine. Gari lilikuwa kati yetu kama ukuta.

"Mwambie mwenye gari nimesikia amevuka mto bila Kilonzo," akamwambia binti yake. Kilonzo ndiye wa trekta.

"Baba Mueni, Mwaitu anasema amesikia umevuka bila Kilonzo."

"Mwambie ni kweli."

"Mwaitu, anasema ni kweli."

"Nimemsikia," akasema mama mkwe.

Kyuso hadi Migwani

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mama mkwe nyuma ya leso pamoja na nusu gunia la ndengu, ile chupa ya asali, na jogoo mwekundu ndani ya kikapu, zawadi ya mtoto. Mto tuliuvuka tena. Nyuma ya leso nilisikia akisema, kama anayejisemea, kwamba maisha yake yote amevuka pale kwa miguu. Niliendesha kwa makini ambayo sijawahi kuwa nayo.

Migwani tulisimama radieta ipoe. Mama Mueni alinunua ndizi, nami nikafungua boneti, nikaongeza maji, nikafunga. Nikakaa kwenye usukani, macho mbele. Mama Mueni akaingia, akafunga mlango. Tukangoja.

Bati likagongwa mara mbili.

Nikaondoka.

Baada ya muda Mama Mueni alisema kwa sauti ya kushinda injini, "Mwaitu, hiyo kwaya ya Jumapili utaipenda." Kimya. Akasema tena kwamba Mueni amenunua nguo nyeupe ya mtoto. Kimya. Akaniinamia.

"Amekasirika."

"Kwa sababu gani?"

"Si unaona vile unaendesha?"

Nikapunguza mwendo. Nikakwepa mashimo ambayo kwa kawaida Kobe hayaoni. Kimya kile kiliendelea, na kwa kila kilima kilizidi kuwa kizito, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kupitia kwa Mama Mueni, bila kujua kosa langu ni nini.

Ndipo leso ikatikisika, na kichwa cha jogoo kikatokeza kati yetu. Kilimtazama Mama Mueni, kikanitazama mimi. Kisha jogoo akarudi nyuma akadonoa bati: ko, ko.

Mama Mueni aliivuta leso yote kando. Kwenye kiti palikuwa na kikapu kilicholala ubavu, ndengu na asali.

"Baba Mueni," akasema polepole sana. "Simama."

Migwani, mara ya pili

Sijawahi kuendesha safari ndefu kama ile ya kurudi. Mwishowe tukaanza kuona nyumba. Hapo Mama Mueni akasema, "Akipewa lifti, unajua," na hakumaliza. Nilijua.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya hoteli, kikombe cha chai mkononi, watu wamemzunguka. Kando yao palikuwa na gari dogo jeupe, safi, na mzee wa kanisa mwenye tai alikuwa ameshika mlango wake wazi. Nilizima Kobe mbali kidogo, nikasimama nyuma yake, kwa sababu nthoni ilinizuia kumkaribia na aibu ilinizuia kuondoka. Kila kitu nilikisikia.

"Alienda choo, kurudi hakuna gari," mwenye hoteli alikuwa akiwaeleza waliochelewa kufika.

"Mkwe kamili? Mtu amelipa mbuzi za mahari?"

"Kamili. Tena na jogoo ya mama akaenda nayo."

"Pengine ilikuwa jogoo anataka."

Watu walicheka. Mzee wa kanisa hakucheka. "Mama," akasema, "mimi napita Machakos mpaka barabara ya Mombasa. Nitakufikisha mlangoni. Hawa watu wako Mungu atawasamehe."

Mama Mueni alifika pale akihema. Hapa lazima nimpe haki yake. Angenyamaza tu, tangi lingepata mahali pake.

"Mwaitu, pole sana. Ile gari iko pale," akasema. "Na hii ina kiti laini. Uamue wewe mwenyewe."

Mama mkwe alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Na mwenye gari yuko wapi?"

"Amejificha nyuma yake."

"Alinisahau?"

"Hakukusahau. Jogoo iligonga bati, akafikiri ni wewe. Hakugeuka kuangalia juu ya nthoni. Hata kioo alitoa."

Ilibidi Mama Mueni aeleze yote, kioo, leso na kugonga mara mbili, na umati ukasikiliza kama mahubiri. Akamaliza. Kisha mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Watu wa hapa mmemsema vibaya bure," akasema. "Hakuniacha. Aliniheshimu mpaka akanipoteza."

Walicheka mpaka mwenye hoteli akaketi chini. Hata mzee wa kanisa aliufunga mlango wake. Mama mkwe akainuka, akajitanda vizuri, akatembea moja kwa moja kuelekea Kobe, na mimi nikaanza kuzunguka upande wa pili kama inavyotakiwa. Akasimama.

"Mwambie arudishe kile kioo."

"Baba Mueni, anasema urudishe kioo."

"Mwambie nitakirudisha tukifika," nikasema.

"Mwambie ni sasa. Heshima ya kuachwa Migwani sitaki tena."

Nikafungua sanduku la spana mbele ya watu wote, nikakirudisha. Leso aliiondoa yeye mwenyewe, akamfunga nayo jogoo.

Migwani hadi nyumbani

Nilikuwa nimekiweka kioo kikitazama dari. Tulipotoka Migwani niliusikia mkono wa mama mkwe ukipita karibu na sikio langu, ukakishika, ukakigeuza, ukakigeuza tena kidogo. Nikainua macho. Ndani ya kioo palikuwa na macho mawili ya mtu mzima, makavu, yananitazama bila haraka. Nimemwoa binti yake, tumezaa, tumepata mjukuu, na ndiyo kwanza nilijua kwamba Mama Mueni ana macho ya mama yake.

"Angalia barabara," akasema.

Hakumwambia Mama Mueni anijulishe. Aliniambia mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikaangalia barabara.

Wamunyu, Masii, Machakos, sikumbuki mengi. Kobe hakuvutwa wala hakusukumwa. Kila tuliposimama niliinua macho kwenye kioo kabla ya kuondoka, naye aliinua kidole kimoja kuonyesha kwamba yupo. Tuliingia Salama jua bado liko juu, na mama mkwe akashuka uani kwetu kwa miguu yake, Mueni akamkabidhi mtoto hapo hapo.

Mama Mueni alisimama akilitazama gari, kisha tangi, kisha gari. "Imekaa," akasema. "Nilisema ikimfikisha ikae, na imekaa." Akaingia jikoni kupika chai, mgongo umenyooka sana.

Mama mkwe akauliza ni maneno gani hayo. Mueni akamweleza mapatano yetu yote, habari ya tangi, paka na maji yanayokwenda kwa jirani. Alisikiliza akimbembeleza mtoto. Kisha akanigeukia.

"Hii gari si inatembea?"

"Inatembea, mama."

"Basi isogee."

Nawaambia ukweli: kwa miaka minne hilo halikutupitia akilini, mimi wala mke wangu. Tulizoea kuliona kama nyumba. Nikaingia, nikawasha, nikatia gia ya kurudi nyuma kuelekea ule upande wa ua wenye mchongoma. Kwenye kioo nilimwona mama mkwe amesimama nyuma ya gari, mtoto mkono mmoja, na mkono mwingine ukiniita.

"Kuja," akasema. "Kuja. Kuja. Simama hapo."